Mteja Asiyeleta Vipimo

Mama alimvisha mtoto kama mtu anayefunga kidonda cha mgeni: polepole, midomo imebanwa, vidole vikiomba radhi. Kila jioni, maji ya karai yakishamwagwa uani, alimlaza kitandani juu ya taulo, akamkausha makunjo ya shingo na ya kwapa, akampaka mafuta kiasi, kisha akachukua kijinguo cheupe cha pamba chenye kamba mbili ubavuni. Mkono mmoja ukaingia. Wa pili ukaingia kwa kubembelezwa. Mama akafunga kamba. Na hapo hapo mtoto akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa. Cha njaa tulikuwa tumeshakijua, kilikuwa cha amri, kama cha mwenye nyumba anayedai mlango ufunguliwe. Hiki cha jioni kilikuwa chembamba, cha malalamiko, na hakikuwa na mwisho. Alilia akibebwa, akalia akilazwa, akasinzia kidogo kwa uchovu, akajigeuza, akaanza upya. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba, na ya mama yamevimba zaidi.

"Ana baridi," mama alisema, akamwongezea sweta.

"Mama, muuguzi alisema tumguse shingoni nyuma, siyo mikononi. Mikono ya mtoto mchanga huwa ya baridi tu. Shingo yake ina joto, hebu shika."

"Muuguzi ana nyumba yake. Hii ni yangu."

Lakini alishika shingo, akavua sweta, na mtoto akaendelea kulia.

Mtoto huyo hakuwa na jina. Shemeji alisema hawezi kuchagua jina peke yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumhimiza. Sisi tulimwita Mteja. Ndivyo dada yangu alivyomwita tangu akiwa tumboni. Dada yangu, mama yake, alifariki alfajiri baada ya kumzaa. Damu ilikataa kukatika. Walimpeleka chumba kingine wakikimbia na kitanda, na aliporudi alikuwa amefunikwa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Hata baada ya kuolewa, cherehani yake ilibaki sebuleni kwetu, chini ya dirisha, kwa sababu chumba walichopanga na shemeji hakikuwa na mwanga wa maana. Kila asubuhi alikuja kufanya kazi kwetu kama mtu anayekwenda ofisini, na mimi nikiwa likizo ya chuo nilipasi na kukata nyuzi. Miezi ya mwisho alisukuma kiti nyuma kidogo kidogo kadiri tumbo lilivyokua, mpaka ikabidi anyooshe mikono kama anayeendesha lori.

"Mteja gani huyu," alisema siku moja, ameweka mkasi juu ya tumbo kama juu ya meza. "Ameagiza nguo za kila namna, hajaleta vipimo, na akipigiwa simu hapokei."

"Anakujibu kwa mateke," mama alisema. Alikuwa kwenye mkeka, sinia ya mchele mapajani. "Na wewe ulinijibu hivyo hivyo."

Alishona vijinguo vya kamba, maana kichwa cha mtoto mchanga, alisema, si cha kupitishwa kwenye tundu. Alishona na mfuko mmoja mpana wa kulalia, wenye nafasi ya mikono, chini umefungwa.

"Miguu inaingia humu, anapiga mateke anavyotaka. Hamna kofia ya kumziba, hamna blanketi la kumpanda usoni."

"Hilo ni gunia," mama alisema. "Mjukuu wangu si kiazi."

"Kiazi hicho kitalala mpaka asubuhi, utakuja kuniambia."

Nilimuuliza mbona anashona za udogo tu, na huyu mtoto atakua. Akasema hizi ni za mwezi wa kwanza, za kukisia. Nyingine atashona akishamwona mwenyewe.

Kitu kingine ninachokikumbuka ni macho. Tangu nikiwa mdogo, kila alipoleta kitambaa kipya, dada aliniita. "Njoo, fumba macho." Nikafumba, naye akanipitishia kitambaa juu ya kope, mara moja, taratibu. "Kinakwaruza?" Nikisema kinakwaruza, kitambaa hicho kilikwenda kwenye mapazia au vifuko. Nikisema hakikwaruzi, kilikwenda kwenye nguo za watoto. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa sindano na pasi, alisema vinamdanganya. Ngozi ya kope haidanganyi. Nilikua nikidhani kila fundi duniani ana mdogo wake wa kufumba macho.

Tulipotoka kuzika, mama hakulia. Alipokea watu, akawashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaketi mbele ya kabati na kulivuta begi ambalo dada alilifungasha kwa ajili ya hospitali na ambalo halikuwahi kufunguliwa huko. Akatoa kijinguo cha kwanza. Akakitazama. Akatoa cha pili, cha tatu, akavipanga kitandani, halafu akaniita kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ona."

Niliona nguo nyeupe zilizokunjwa vizuri. Mama akachukua kimoja, akaweka kidole begani, akakishusha mpaka kwapani na ubavuni. Mshono ulikuwa nje. Akachukua kingine. Mshono nje. Vyote, na lile gunia pia, mishono ilikuwa nje, na kamba zimeshonwa upande huo huo.

"Hakuzigeuza," mama alisema. "Mwanangu. Fundi ambaye mtaa mzima unamfuata. Nguo isiyogeuzwa haikuwahi kutoka kwenye meza ile, hata kitambaa cha kufutia vumbi. Ameshona zote ndani nje, amekunja, ameweka kwenye begi."

"Labda alikuwa amechoka, mama."

"Kuchoka mtu anakosea moja." Aliketi kitandani katikati ya zile nguo. "Si uliona alivyotia chumvi kwenye chai? Si uliona alivyotafuta mkasi huku ameushika? Alisema kichwa kinamuuma, nikamwambia akalale. Kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuondoka, na mimi nipo pale mkekani nachambua mchele. Nilimtazama kila siku, sikuona."

Nilimwambia alichosema daktari, kwamba damu ile haikuwa na dalili, kwamba hakuna ambaye angeijua kabla. Hakunisikia. Alikuwa amepata ushahidi wake, na ulikuwa umekunjwa vizuri. Na kweli hatukuwa tumeona chochote, kwa sababu nguo ikiwa chini ya sindano siku zote iko ndani nje. Aliyekaa mkekani hawezi kujua kama fundi atakuja kuigeuza au hataigeuza.

Usiku huo mama alizigeuza zote. Kamba sasa zikawa zimebaki ndani, basi akazifumua na kuzishona upya upande wa nje, kwa mkono, kwa uzi mnene wa kubandikia vifungo, mafundo makubwa ya mtu anayeona kwa shida. Alikuwa anamsahihishia mtoto wake kazi, kama alivyomsahihishia daftari akiwa darasa la kwanza. Tangu siku hiyo Mteja alivaa nguo zilizogeuzwa, na tangu siku hiyo alilia.

Shemeji alikuja kila akitoka kazini. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na mikono ya shati lake ina matundu ya cheche. Alinawa mpaka viwikoni kwa sabuni ya kufulia, halafu akasimama kando ya kitanda, mikono nyuma.

"Mbebe," mama alimwambia.

"Mama, mimi nimezoea vyuma. Hiki kitu chepesi hivi nitakishikaje?"

"Kama ulivyoshikwa wewe."

Akambeba kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, kama sinia ya vikombe. Mtoto alilia, na shemeji akalia naye bila sauti, akageuza uso ili machozi yasimdondokee.

Siku moja, alipokuwa akivaa viatu mlangoni, alisema bila kututazama, "Dada yangu amesema anaweza kumchukua. Ana wa kwake wa miezi minne. Anasema maziwa anayo ya kutosha wawili."

Nilimtazama mama nikingoja awake. Mama nilimjua: mtu akimwomba sufuria humwuliza ataitunzaje. Akakunja kanga mapajani, akaikunjua.

"Mwambie aje Jumapili," alisema.

Shemeji alipoondoka nilimfuata mama jikoni. Mimi si mtu wa kubishana, hata chuoni nakaa viti vya nyuma na swali langu huliuliza aliye jirani yangu. Lakini safari hiyo sauti ilinitoka.

"Mama, unampa mtu Mteja?"

"Simpi mtu. Ni shangazi yake."

"Dada alimshonea humu. Hapa kwako."

"Dada yako alikuwa anaumwa mbele ya macho yangu, sikuona." Aliwasha jiko, likazimika, akawasha tena. "Huyu analia kila usiku, kuna kitu anasema, na sikioni. Nitangoja mpaka lini? Mpaka na yeye wamfunike? Macho yangu hayafai, mwanangu. Akalelewe na mwenye macho."

Nilikwenda kukaa kwenye kiti cha cherehani, na kilikuwa bado kimesukumwa nyuma, mbali na meza, kwa nafasi ya tumbo. Nikajaribu kufikiri nyumba hii ikiwa na kiti kile na bila Mteja. Mama angekaa mkekani na sinia yake, mimi ningerudi chuoni, na kusingekuwa na mtu wa kumfanya ainuke. Alikuwa ameshaanza kula akiwa amesimama. Mtoto akiondoka hata kusimama asingesimama.

Jumamosi jioni mama aliniambia nimwogeshe mimi. Alikuwa anafungasha vitu vya mtoto, mgongo umenigeukia. Kila kitu alikikunja mara mbili.

Nilimtumbukiza Mteja kwenye karai, akatulia kama kawaida yake. Majini hakuwahi kulia. Nilimtoa, nikamkausha, nikamlaza uchi juu ya taulo karibu na dirisha ambako mwanga ulikuwa bado mzuri, naye akanyoosha miguu na kutazama pazia kama mtu aliyetoka kazini. Alikuwa ametulia kabisa. Nikawaza: huyu analia akivaa.

Nikamwinua mkono mmoja. Kuanzia begani, kuzunguka kwapa, kushuka ubavuni, kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Upande wa pili vile vile. Na ubavuni, mstari unapokutana na kamba, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa punje ya mtama. Tulikuwa tumeona wekundu ule kabla, tukasema ni joto, tukampunguzia nguo. Lakini joto halipigi mstari. Mstari ule niliujua ulivyokwenda, maana nimekata nyuzi za mabega na kwapa miaka yote. Ulikuwa ni mshono. Mtoto alikuwa amechorwa nguo yake mwilini, na lile doa lilikuwa fundo la uzi wa mama.

Nikachukua kijinguo nilichotaka kumvisha, nikaingiza mkono. Nikapapasa. Nikakigeuza, nikapapasa upande ule mwingine. Vidole vyangu havikunipa jibu la uhakika, na nilikuwa naogopa kulitaka jibu mno. Basi nikafanya nilichozoea. Nikafumba macho.

Upande wa mishono ulikwaruza.

Upande wa pili ulikuwa kama pumzi. Hapakuwa na ukingo, wala uzi, wala mahali ambapo kitambaa kinaanza au kinaisha. Nilipofumbua macho na kuinamia karibu na dirisha, niliona jinsi alivyofanya: kila mshono alikuwa ameulaza, akaupiga tena mara ya pili juu yake, sawasawa, kipande kwa kipande, kusudi usisimame na usiguse ndani. Ile ni kazi ya mara mbili. Mtu ambaye kichwa kimeondoka hawezi kuifanya kwenye nguo moja, sembuse zote.

"Mama," nikasema. "Njoo ufumbe macho."

"Nina kazi."

"Mama, tafadhali."

Nadhani ni kwa sababu sikuwa na desturi ya kumwomba kitu mara mbili. Aliacha begi, akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda karibu na miguu ya Mteja. Akafumba. Kope zake zilikuwa nyembamba, zenye mishipa, zimechoka kwa kukesha. Nikapitisha upande wa mishono.

"Kinakwaruza," alisema.

Nikakigeuza. Nikapitisha upande wa pili, mara moja, taratibu, kama nilivyofanyiwa mimi.

Mama alinyoosha mkono macho bado yamefumbwa, akakishika kile kijinguo, akajipitishia mwenyewe. Jicho la kulia. La kushoto. Akafumbua macho na kumtazama mtoto, na mimi nikamwinua Mteja mkono ili auone mstari.

"Hakusahau kugeuza, mama. Alitaka mshono uwe nje. Ili huku kwa mtoto kusiwe na kitu."

Mama aliushika mstari ule mwekundu kwa ncha ya kidole, kisha akalishika lile doa. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa furaha yake, sijui kwa nini, kama mtoto aliyeleta zawadi.

"Kwa hiyo alikuwa mzima," alisema.

"Alikuwa mzima, mama."

"Chumvi kwenye chai?"

"Ni usingizi tu. Mjamzito gani hatafuti mkasi alioushika?"

"Alikuwa mzima, amekaa pale, anafikiria kwapa la mtoto." Sauti yake ilianza kupasuka. "Mimi nilikuwa nimeshazoea, mwanangu. Nilijiambia alianza kuondoka zamani, kidogo kidogo, na mimi mjinga sikuona. Nilijilaumu, lakini angalau alikuwa ameondoka kidogo kidogo. Sasa unaniambia aliondoka mzima mzima. Na akili zake zote. Na mipango yake yote."

Ndipo alipolia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu hospitali, ameegemea ukuta, kijinguo kimekandamizwa machoni, upande ule laini. Sikujua kama nimemsaidia au nimemuua. Mteja alimsikiliza, macho yamemtoka, bila kulia, kama vile amepata wa kumpokea zamu.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akapenga kamasi, akasema, "Lete wembe na sindano. Uzi mwembamba, ule wake. Uko kwenye droo."

Kwenye droo nilikuta na kingine ambacho hatukuwa tumekiona, kijinguo kisichokwisha, chenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshikizwa kwa pini, unangoja mashine. Nacho mishono yake ilikuwa nje. Nilivileta vyote pamoja. Mama alikipokea, akakitazama, akakiweka kando kwa uangalifu, kama mtu anayesogeza kikombe kilichojaa.

Kisha akaanza kufumua mafundo yake mwenyewe. Aliondoa kamba zile alizozihamisha, akazirudisha zilikokuwa. Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akasema, "Matundu yake bado yapo."

Niliinama nikaona. Pale dada aliposhona mwanzo palibaki vitundu vidogo vya sindano vilivyojipanga. Mama alipitisha sindano kwenye kitundu cha kwanza, akatokea cha pili, akafuata hivyo hivyo, bila kutoboa kipya hata kimoja. Ilimchukua muda mrefu kumaliza nguo moja. Nje watu walikuwa wanaita watoto wao waingie ndani.

Tulimvisha pamoja. Mkono mmoja, mkono wa pili, kamba. Mama alishikilia fundo, akangoja. Mteja alikunja uso, akafikiria jambo, akapiga mwayo. Tukaligeuza na gunia, tukamwingiza humo, tukamlaza chali kwenye kitanda chake kidogo, bila kofia, bila blanketi. Mama akamgusa shingo nyuma kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwamba sawa.

"Kiazi," alimnong'oneza. Akatoka chumbani upesi.

Mteja alilala. Aliamka kwa ile njaa yake ya amri, akanywa, akalala tena. Sisi ndio hatukulala. Nilimsikia mama sebuleni, akikisogeza kile kiti cha cherehani, halafu akikirudisha palepale kilipokuwa.

Jumapili shangazi wa mtoto alifika na shemeji, mwanawe mgongoni, mkoba mkubwa mkononi, akihema na kucheka kabla hajafika mlangoni. Ni mwanamke mnene, mwema, wa kusema kila kinachompitia.

"Hodi wenyewe! Yuko wapi huyo bwana? Mimi hapa nimekuja na jiko langu." Akajipiga kifuani. Alipomwona Mteja amelala, alifunika mdomo. "Jamani, mzuri! Kafanana na mama yake kama..." Akakatiza. Akainama. "Heh! Poleni, ndugu zangu, msiba umewachanganya. Mtoto mmemvisha ndani nje."

Shemeji alitazama sakafu. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na birika.

"Hajachanganyikiwa mtu humu," mama alisema. Akaweka birika chini. "Wala yeye hakuchanganyikiwa. Ndivyo alivyoshona."

Akaeleza. Hakueleza vizuri, alirudi nyuma, alisahau neno, aliruka habari ya macho ikabidi niichomekee mimi kwa sauti ndogo. Shangazi alisikiliza mdomo wazi. Shemeji alikwenda kusimama juu ya kitanda cha mtoto, akaweka kidole chake kimoja chenye makovu juu ya mshono wa begani, akaufuata mpaka mwisho.

"Sikujua," alisema. "Aliniambia tu, utaona nilivyomshonea mwanao. Nikasema nitaona."

Mama alimgeukia shangazi. "Nimekuita bure, mwanangu. Umetoka mbali. Nilidhani simwoni huyu mtoto. Kumbe ni mimi nilikuwa nimemfunga mafundo. Niachie. Nikishindwa nitakuita, sitaona haya."

Shangazi alimtazama mama, akamtazama kaka yake, na kaka yake akatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Aa, mama, mimi nani wa kukunyang'anya?" alisema. Kisha akacheka, na machozi yanamtoka. "Ila haya maziwa yangu je? Nimetembea nayo mji mzima. Akiamka, angalau nimnyonyeshe mara moja kabla sijaondoka."

Mteja alipoamka alimnyonyesha, amekaa kwenye mkeka wa mama. Mtoto alihangaika kidogo, hakujua, mdomo ukitafuta. Halafu akajua. Tulisikia tu anavyomeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kunyonya kwa mwanamke. Mama alitazama kidogo, akasimama, akageukia dirishani, akaanza kupangusa cherehani ambayo haikuwa na vumbi.

Shemeji alipoaga aliniomba kile kijinguo cha mkono mmoja. Nilimwonya kina pini. Akasema ndiyo, ameiona, iachwe hivyo hivyo. Akakiweka mfuko wa shati, wa kifuani.

Mteja akaishi nasi, akalala. Na kwa kuwa alilala, alikua. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Kamba ambazo mwanzoni tulizifunga mizunguko miwili zikawa za mzunguko mmoja, kisha za fundo dogo la kubana, na asubuhi moja mama alizivuta zikutane na hazikukutana. Alizivuta tena. Mteja alicheka, akidhani anachezewa. Mama alikivua kile kijinguo cha mwisho, akakikunja, akabaki amekishika.

"Alisema nyingine atashona akishamwona," alisema.

Tulikwenda sokoni. Muuza nguo za watoto alikuwa amezitundika juu, nyingine zimerundikwa mezani, za rangi zote. Mama alichukua ya kwanza, akaingiza mkono, akaigeuza ndani nje, akafumba macho na kujipitishia kwenye kope. Akairudisha. Akachukua nyingine.

"Mama, nguo za mtoto hazinuswi," muuzaji alisema. Watu wawili wakacheka pamoja naye.

Mama akaendelea. Nyingi zilikwaruza pande zote mbili. Mteja alikuwa mgongoni kwangu, amelala, na nilihisi joto la shingo yake kwenye mgongo wangu. Nilitamani kumwambia mama tuondoke, watu wanatazama, lakini nikajongea karibu yake nikafumba macho na mimi, naye akanipitishia moja. Haikukwaruza. Nikamwambia.

Akaichukua, akaishikilia machoni mwake, muda mrefu kuliko zote. Muuzaji aliacha kucheka.

"Mama," aliuliza, "unalia?"

"Hapana," mama alisema ndani ya kitambaa. "Nachagua."